Nani Humtuma Mwamuzi? Historia Fupi ya Kuwapangia Waamuzi Michezo ya Mpira wa Kikapu katika Vyuo vya Marekani

1. Utangulizi

Katika Kiswahili sanifu, mtu anayesimamia mchezo kwa filimbi huitwa mwamuzi. Neno hilo latokana na kitenzi kuamua, ambacho tangu zamani kina maana mbili zinazokaribiana: kuwatenga watu wanaopigana, na kukata shauri baina yao. Wasemaji wa pwani hupenda kusema refa, kwa mkopo wa Kiingereza. Wale wa Lubumbashi husikika zaidi wakisema arbitre, kwa mkopo wa Kifaransa. Kiingereza chenyewe kina neno la pili, umpire, ambalo asili yake ni noumper ya Kifaransa cha kale, yaani mtu asiye na mwenzi, wa tatu asiyehesabika katika jozi ya wagomvi. Waingereza walipolipokea, sauti ya n iliachana na neno ikajiunga na kibainishi kilichotangulia, na hivyo umbo la leo likazaliwa.

Maneno hayo yote yamfikiria mwamuzi akiwa amekwisha kufika uwanjani. Hayasemi ni nani aliyemwita, ni nani amlipaye nauli na ujira, wala ni nani awezaye kumnyima mchezo wa kesho. Hata hivyo, wazee walijua kuwa shauri huweza kuharibika kabla halijasikilizwa; ndiyo maana watu huonywa wasipeleke kesi ya ngedere kwa nyani.

Makala haya yanakusudia kufuata swali hilo katika historia ya mchezo mmoja na nchi moja: mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Itaonekana kwamba kila hatua ya historia hiyo ilikuwa jitihada ya kumtoa mwamuzi mkononi mwa mmoja wa washindani, na kwamba kila mara kulikuwa na mkono mwingine uliompokea.

2. Waamuzi wawili wa Springfield

Mchezo huu una bahati ya kuwa na tarehe ya kuzaliwa. Mwezi wa Desemba 1891, James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, aliwachezesha wanafunzi wake 18, tisa kwa tisa, katika shule ya Chama cha Vijana Wakristo (YMCA) iliyokuwa mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Vikapu viwili vya matunda vilipigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na katika mchezo wote lilipatikana bao moja tu. Kanuni zake 13 zilichapishwa katika gazeti la shule hiyo mwezi wa Januari 1892.

Inafaa kuangalia jinsi Naismith alivyogawa hukumu. Aliweka waamuzi wawili. Wa kwanza, aliyeitwa umpire, alikuwa hakimu wa watu: kazi yake ilikuwa kuona makosa ya wachezaji na kuyahesabu, naye alikuwa na uwezo wa kumtoa mchezaji. Wa pili, aliyeitwa referee, alikuwa hakimu wa mpira: alisema mpira ni wa nani, umetoka au haujatoka, akatunza saa na kuhesabu mabao. Mgawanyo huo haukuwa wa bure. Naismith alitaka mchezo wa ndani ya jengo usiokuwa na mapigano, kwa hiyo alikataza kukimbia na mpira, kusukuma, kushika na kupiga. Mchezo unaokataza mengi kiasi hicho hauwezi kwenda bila jicho la kuona na mdomo wa kusema.

Lakini katika kanuni zote 13 hakuna hata moja isemayo waamuzi hao watatoka wapi. Halikuwa sahau la ajabu. Springfield pande zote mbili zilikuwa darasa moja, na mwalimu alikuwa juu ya wote. Swali la nani amtume mwamuzi halina maana pale ambapo wote ni watoto wa nyumba moja.

Swali lilizaliwa mchezo ulipoanza kusafiri. Mwezi wa Februari 1895, huko Minnesota, shule ya kilimo ya jimbo hilo ilishinda chuo cha Hamline kwa 9 kwa 3. Mwezi wa Januari 1896, timu ya Chuo Kikuu cha Chicago ilikwenda Iowa City ikacheza na timu ya Iowa, watano kwa watano, ikashinda kwa 15 kwa 12. Tangu hapo kukawa na mwenyeji na mgeni, na baina yao safari ya gari la moshi.

3. Mwamba ngoma

Katika miongo ya kwanza, mwenyeji ndiye aliyetafuta ukumbi, akauza tiketi, akawasha taa, na pia akamtafuta mwamuzi. Kwa kawaida alimwita mtu wa karibu: mwalimu wa mazoezi wa YMCA, mchezaji wa zamani, au mfanyakazi wa mjini aliyejua kanuni. Haikulazimu mtu huyo awe mla rushwa ili mgeni apate hasara. Ilitosha kwamba baada ya mchezo mgeni angepanda gari la moshi aende zake, na mwamuzi angebaki kuishi na majirani zake. Methali yasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Katika kumbi zile ndogo, ambamo watazamaji walikaa karibu sana na mstari, ngozi ilivutwa kwa urahisi.

Dawa ya kwanza ilikuwa makubaliano. Meneja wa timu moja alimwandikia mwenzake barua akimtajia majina, na mwenzake akakubali jina au akalikataa. Kwa namna fulani dawa hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa hakuna aliyeletewa mwamuzi asiyemtaka. Ila ilizaa ugonjwa wake. Mwamuzi aliyehitaji kukubaliwa na wote wawili alijifunza kutomuudhi yeyote, hasa wale makocha wenye sauti kubwa na michezo mingi ya kutoa. Aliyepiga filimbi kwa ujasiri mjini fulani aliweza kukosa kuitwa huko mwaka uliofuata, wala asielezwe sababu.

Dawa ya pili ilikuwa mtihani. Mwaka wa 1921 kilianzishwa chama cha waamuzi walioidhinishwa, kijulikanacho kwa herufi IAABO, ambacho matawi yake yaliwapima waamuzi juu ya kanuni. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu ilifanya uamuzi uwe ujuzi wenye cheti. Hata hivyo, cheti huthibitisha kuwa mtu anajua kanuni. Hakisemi atatumwa na nani.

Ugumu uliongezeka timu zilipoanza kuvuka nchi nzima. Tarehe 29 Desemba 1934, mfanyabiashara Ned Irish aliandaa michezo miwili ya vyuo katika usiku mmoja, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, na watazamaji zaidi ya 16,000 walihudhuria. Mafanikio hayo yalizivuta timu za mbali kuja New York, nazo zilikuja na desturi zao. Kanuni iliyoandikwa ilikuwa moja, lakini kila upande wa nchi uliisoma kwa lahaja yake, hasa kuhusu kumzuia mpinzani kwa mwili: kitendo kilichohesabiwa kuwa ufundi mahali fulani kilihesabiwa kuwa kosa mahali pengine.

Ili kuwaridhisha wote, katika michezo ya namna hiyo ilizoeleka kuchukua mwamuzi mmoja kutoka upande wa mwenyeji na mwingine kutoka upande wa mgeni. Hapo ndipo asili ya neno inapogeuka kuwa kinyume chake. Noumper alikuwa yule asiye wa jozi. Sasa waamuzi wenyewe wamekuwa jozi, na kila mtazamaji aliweza kumwonyesha kwa kidole mwamuzi wa kwao. Hata kama wote wawili walikuwa waaminifu, kila filimbi ilionekana kama hoja ya wakili.

4. Ofisi ya mratibu

Njia ya kutoka katika shida hiyo ilitokana na mashirikisho ya vyuo. Shirikisho ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kushindana kila mwaka kwa sheria moja. Lile la Magharibi ya Kati, lijulikanalo kama Big Ten, lilianza mwaka wa 1896, na mwaka wa 1922 lilimteua John L. Griffith kuwa kamishna wake wa kwanza. Kamishna hakuwa mtu wa chuo kimoja. Aliajiriwa na vyote. Katika miongo iliyofuata, mashirikisho yaliziweka kazi za kuchagua waamuzi katika ofisi za makamishna, kisha chini ya mtu maalumu, mratibu wa waamuzi. Barua za mameneja zikakoma.

Kazi ya mratibu yafanana na ya mtu anayepanga ratiba ya mitihani katika chuo chenye vyumba vichache. Kabla ya msimu hupokea orodha ya michezo yote ya shirikisho lake. Kila mwamuzi humletea siku alizo huru, kwa kuwa wengi wana kazi nyingine, na wengi huyatumikia mashirikisho kadhaa. Kisha mratibu huunda vikundi. Zamani kikundi kilikuwa cha watu wawili; mchezo ulipozidi kasi, wa tatu aliongezwa katika miaka ya 1970 na 1980. Mratibu humwangalia mkuu wa kikundi awe mzoefu, na chipukizi awe pamoja na mkongwe. Humwondoa yule aliyesoma katika chuo kinachocheza, au mwenye ndugu au ajira pale. Huepuka kuirudishia timu moja mwamuzi yuleyule mara nyingi mno. Hupima umbali, maana michezo ni ya majira ya baridi, na theluji ikifunga uwanja wa ndege yampasa ampate mtu mwingine kabla ya jioni.

Mfumo huu ulimwokoa mgeni dhidi ya mwamuzi wa mtaani. Lakini mashirikisho kadhaa yaliwapa makocha nafasi ya kuwakadiria waamuzi baada ya mchezo, na hata ya kutaja wale wasiowataka. Kwa hiyo mkono wa kocha, uliotolewa mlangoni, ulirudi kupitia dirishani. Zaidi ya hayo, mratibu alikuwa mtu mmoja. Aliyempendeza alipata michezo mingi. Aliyemchukiza alibaki nyumbani.

5. Somo la 1951

Wakati waamuzi walipokuwa wakitazamwa kwa shaka, pigo lilitokea upande mwingine. Mwaka wa 1944 kocha wa Kansas, Phog Allen, alikuwa ametoa onyo hadharani kwamba wacheza kamari walikuwa wakiwafikia wachezaji wa vyuo. Mwezi wa Januari 1951, Junius Kellogg, mchezaji wa chuo cha Manhattan, aliahidiwa dola 1,000 ili aharibu mchezo kwa makusudi. Alikataa, akamweleza kocha wake, na polisi wakaanza kazi. Uchunguzi uliofuata uliwakamata wachezaji wa vyuo kadhaa, wakiwamo wa City College ya New York, timu iliyokuwa imetwaa mashindano yote mawili makubwa ya mwaka wa 1950. Washitakiwa walituhumiwa kupunguza pointi kwa malipo, ili wenye kamari wajue mapema tofauti ya matokeo.

Katika kashfa hiyo waliosimama kizimbani walikuwa wachezaji na wacheza kamari. Hata hivyo historia ya upangaji wa waamuzi haiwezi kuipita kimya. Ilidhihirisha kwamba katika mchezo wa vyuo kila kitu chenye uwezo wa kugeuza pointi mbili tatu kina bei sokoni. Na kama mchezaji asiyelipwa mshahara aliweza kunyemelewa, aliweza pia kunyemelewa mwamuzi aliyelipwa kwa mchezo mmoja mmoja. Tangu hapo orodha ya waamuzi haikuwa tena karatasi ya ratiba tu. Ilikuwa siri yenye thamani.

6. Mtumishi asiye na mwajiri

Katika miaka ya 1980 waamuzi wenyewe waliuliza swali kwa njia ya sheria: je, wao ni wafanyakazi wa nani? Chama cha waamuzi wa vyuo wa upande wa Mashariki kilitaka haki ya kujadiliana na shirikisho la Big East kwa niaba ya wanachama wake. Mwaka wa 1986 Bodi ya Kitaifa ya Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba waamuzi hao hawakuwa waajiriwa. Walikuwa watu wanaojitegemea, wanaouza huduma yao mchezo kwa mchezo. Mwaka wa 1987 Mahakama ya Rufaa iliuthibitisha uamuzi huo.

Hoja hiyo ina upande wa busara. Mwamuzi asiyekuwa mwajiriwa wa shirikisho aweza kusema kwamba hana bwana, na kwamba filimbi yake haiamriwi na mtu. Lakini ina upande wa pili ambao wahusika waliujua vyema. Asiye mwajiriwa hafukuzwi kazi. Huachwa tu bila kupangiwa. Hakuna barua ya kumwachisha, wala sababu ya kukatia rufaa. Na kwa kuwa ujira hutegemea idadi ya michezo, mwamuzi hushawishika kukubali mchezo baada ya mchezo, mji baada ya mji, usiku baada ya usiku. Katika mashirikisho makubwa malipo yalikuja kupita dola 2,000 kwa mchezo mmoja. Hayo ni mengi kwa yule aliyeitwa, na si chochote kwa yule ambaye simu yake haikulia.

Mwaka uleule wa 1986 Chama cha Kitaifa cha Michezo ya Vyuo (NCAA) kilimteua Hank Nichols kuwa mratibu wake wa kwanza wa kitaifa wa waamuzi wa mpira wa kikapu wa wanaume, kazi aliyoifanya hadi 2008. Nichols alikuwa mwamuzi mwenye sifa, na pia mwalimu wa elimu katika chuo kikuu cha Villanova. Ofisi yake ililenga kuyaleta mashirikisho kwenye usomaji mmoja wa kanuni. Uwezo wake wa kupanga ulionekana katika mashindano ya mwisho wa msimu. Tangu mwaka wa 2011 mashindano hayo huwa na timu 68 na michezo 67. Kwa waamuzi watatu kila mchezo, ni nafasi 201 za kujaza, na wanaofanya vyema katika duru moja ndio wanaofikiriwa kwa duru inayofuata. Lakini mashirikisho hayakuacha waratibu wao. Kwa miezi minne ya msimu, mkate wa mwamuzi ulibaki mikononi mwao.

7. Nani amwamuaye mratibu?

Matukio matatu ya karne hii yaonyesha mahali swali lilipofika. La kwanza lilitokea katika ligi ya kulipwa, lakini lilivigusa vyuo pia. Mwaka wa 2007 mwamuzi Tim Donaghy alikiri mahakamani makosa yanayohusu kamari. Miongoni mwa habari alizowapa washirika wake yalikuwamo majina ya waamuzi waliopangiwa michezo ijayo. Yaani upangaji wenyewe, kabla filimbi haijalia, ulikuwa bidhaa.

La pili ni la vyuo hasa. Mwezi wa Machi 2013, katika mashindano ya shirikisho la Pac-12, timu ya Arizona ilishindwa na UCLA kwa 66 kwa 64, na kocha wake, Sean Miller, alipigiwa faulo ya nidhamu katika dakika za mwisho. Baadaye ilijulikana kwamba Ed Rush, mratibu wa waamuzi wa shirikisho hilo, alikuwa amewaambia waamuzi kwamba angempa dola 5,000 au safari ya Cancún yule atakayempigia kocha huyo faulo ya namna hiyo. Uongozi wa shirikisho ulisema maneno hayo yalikuwa mzaha. Mwezi wa Aprili Rush alijiuzulu.

Yawezekana kweli ulikuwa mzaha. Lakini mzaha wa mtu anayegawa kazi hausikiki kama mzaha wa jirani. Aliyekuwa akisema ndiye aliyeamua nani apate mchezo wa Jumamosi, na wasikilizaji wake walikuwa watu wasio na mkataba wa kudumu. Kila mmoja alijua kwamba bwana wa ratiba amemtaja mtu kwa jina. Mwamuzi aliyepiga faulo ile huenda aliona kosa la kweli. Ila baada ya maneno yale hakuna awezaye kuthibitisha hivyo, hata yeye mwenyewe hawezi. Hasara ya kwanza ya mamlaka yasiyosimamiwa humwangukia mtumishi mwaminifu, kwa kuwa uaminifu wake haumfai tena.

La tatu ni la sheria. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, katika kesi ambayo NCAA yenyewe ilikuwa upande mmoja. Kilichokuwa uchochoroni mwaka wa 1951 kikawa biashara halali katika majimbo mengi, na thamani ya kujua nani ametumwa wapi ikapanda.

Isidhaniwe kuwa upangaji mzuri hutibu kila kitu. Kyle Anderson na David Pierce, katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2009 juu ya michezo 365 ya vyuo ya msimu wa 2004–2005, waligundua kwamba mgeni hupigiwa makosa mengi kuliko mwenyeji, na kwamba timu iliyokwisha kupigiwa makosa machache ndiyo inayoelekea kupigiwa lifuatalo. Mwamuzi asiyetumwa na mwenyeji bado husikia kelele za mwenyeji, na bado hutamani aonekane wa haki kwa kusawazisha hesabu. Hilo ni jambo la moyo wa binadamu, na hakuna ratiba iwezayo kulifuta.

8. Hitimisho

Njia iliyofuatwa na vyuo vya Marekani kwa zaidi ya miaka 120 yaweza kusemwa kwa kifupi. Mwamuzi alikuwa wa mwalimu, akawa wa mwenyeji, akawa wa makubaliano ya wawili, akawa wa shirikisho, na mwisho akawa wa mratibu. Kila mabadiliko yalikuwa ya haki kuliko yale yaliyotangulia, na hakuna anayetamani kurudi kwenye kumbi za mwaka wa 1900. Lakini kila mabadiliko yalisogeza tegemeo la mwamuzi bila kuliondoa, kwa sababu anayegawa kazi bila kueleza sababu hutawala hata akiwa kimya.

Hapa maana ya kale ya kuamua inasaidia. Anayewatenga wapiganaji hana budi kusimama mahali ambapo hakuna hata mmoja wao awezaye kumvuta nguo. Naismith aliandika kanuni mbili juu ya kazi ya waamuzi. Ile ya kusema watatoka wapi, nani awapange, na nani ampime mpangaji huyo kwa sababu zilizoandikwa, aliwaachia waliokuja baada yake. Historia yaonyesha kwamba kanuni hiyo haijamalizika kuandikwa, na kwamba mchezo ambao haujaijibu huweza kuwa na waamuzi hodari, wenye vyeti, wenye mbio, na bado mgeni akaondoka usiku akiamini kuwa ameonewa, bila mtu yeyote kuwa na njia ya kumwonyesha kwamba amekosea.